Ziwa lisikudanganye: uzi wa wapenzi wa sushi Kisumu na Nakuru

Mkazi wa Manyatta (mleta uzi)

Wadau, nimekuwa nikila sushi hapa Kisumu kwa miaka mitatu sasa, na kila nikiweka picha swali ni lile lile: "Ni wapi hapo?" Nimekuwa nikijibu kwa kutaja jina na kuendelea na shughuli zangu. Sasa nimeacha. Mapema mwaka huu jamaa mmoja alikuja kunilalamikia kwamba nilimpeleka pabaya, na alikuwa na haki. Mpishi niliyemsifu alikuwa ameshahamia Nairobi, na walioachiwa jiko hawakuwa wamefundishwa kitu. Mlango ni ule ule na menyu ni ile ile, lakini wali ulikuwa mgumu kama wa jana. Kwa hiyo leo nataka niwaachie namna ya kupajua mahali pazuri wenyewe, hata pale ambapo mimi sijafika.

Nianze na lile linalotupotosha sisi watu wa hapa. Tunaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Samaki tunamjua. Kwa hiyo mtu akisema sushi, akili inakimbilia ufukwe wa Dunga: ngege, yaani tilapia, ametolewa majini alfajiri, bado anapiga mkia, sasa ni sushi gani itakayompita huyo? Mkahawa unaolijua hilo utakuandikia kwenye ubao "samaki mbichi wa ziwani, wa leo leo", nawe utaingia umefurahi.

Usiingie. Samaki wa maji yasiyo na chumvi haliwi mbichi, awe ngege, mbuta (sangara), kamongo au mwingine yeyote. Samaki wa mito na maziwa hubeba minyoo ambayo mingi hupitia kwa konokono, ikaingia kwa samaki, kisha ikamalizia maisha yake ndani ya ndege au mnyama anayemla, na sisi tumo kwenye hesabu hiyo. Kaskazini-mashariki mwa Thailand watu wamekula samaki wabichi wa mitoni vizazi na vizazi, na minyoo bapa ya ini imewaletea saratani ya mirija ya nyongo kwa wingi wa kutisha. Mnyoo wao si lazima uwe wetu, lakini njia ya kuingia ni hiyo hiyo. Na upya wa samaki hausaidii kitu hapa. Samaki akiwa hai, na mnyoo ulio ndani yake uko hai.

Sasa la pili, ambalo nadhani ndilo limefichika zaidi. Sushi si samaki mbichi. Sushi ni wali, wali uliotiwa siki, sukari na chumvi. Samaki mbichi akiletwa peke yake bila wali anaitwa sashimi. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mpishi anajua kazi, mpime kwa wali kabla hujamtazama samaki. Mimi nikiingia mahali kwa mara ya kwanza naagiza roli ya tango peke yake, yaani wali na tango vilivyokunjwa ndani ya mwani, ile ya bei ya chini kabisa. Tango halina pa kumficha mpishi. Punje ziwe zimeshikana lakini kila moja ionekane, uwe na uvuguvugu wa mwili wako, siki uisikie kwa mbali. Ukikinyanyua kipande kisimomonyoke, ukikiweka mdomoni kiachane chenyewe. Wali ukiwa baridi na mgumu katikati, ujue umelala kwenye friji, kwa sababu wanga wa wali hukaza ukipata baridi. Na mwani unaofunga roli ukatike kwa meno mara moja. Ukiuvuta kama mpira, roli hiyo ilikunjwa saa nyingi zilizopita.

Mchele nao una habari yake. Pishori ya Mwea tunaipenda sote, harufu yake inajaza nyumba, lakini punje zake ni ndefu na zinaachana. Haifai kwa kazi hii hata ukiibembeleza. Unatakiwa mchele mfupi, mnene, wenye kunata. Mhudumu akikwambia kwa fahari kwamba wanatumia pishori, mshukuru na uagize kitu kingine.

La tatu ni swali moja tu la kumuuliza mhudumu: "Samaki wa baharini anaingia siku gani?" Kutoka hapa hadi Mombasa kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800. Jodari hawezi kufika Kisumu kila asubuhi kama omena. Atakuja kwa ndege, au kwa gari la baridi kupitia Nairobi, mara moja au mbili kwa wiki. Mkahawa mzuri unaijua siku hiyo na utakutajia bila kusita: "Jumatano na Ijumaa." Mkahawa mbaya utakujibu "kila siku". Hilo jibu la kila siku linanitosha kunyanyuka.

Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka juzi mke wangu alikula jodari mahali fulani mjini, sitapataja. Tulikuwa bado mezani uso wake ulipokuwa mwekundu, moyo ukaanza kumwenda mbio, kichwa kikamgonga. Alikuwa amesema tangu tonge la kwanza kwamba samaki anawasha ulimi kama pilipili, nami nikamwambia ni wasabi, kile kiungo kikali cha kijani cha Kijapani. Hospitalini tukaelezwa kwamba haikuwa mzio wa samaki. Jodari na jamii yake wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na ikishaingia haitoki: kugandisha hakuitoi, kupika hakuitoi. Alipewa dawa akatulia. Lakini nilijifunza kwamba samaki huyo aliharibika kabla hajafika mezani, pengine stima ilipopotea, pengine kwenye boksi ambalo barafu yake iliyeyuka njiani. Samaki akiwasha ulimi, teme. Usione haya.

Nasubiri michango yenu.

---

Section58

Asante kaka kwa uzi huu. Mimi niko Nakuru. Tangu tupewe hadhi ya jiji mwaka 2021, mikahawa imechipuka kila kona na sushi imeingia hata kwenye menyu za sehemu zinazouza nyama choma. Wiki iliyopita niliona "roli ya tilapia wa Naivasha". Kwa ulivyoeleza nimeogopa. Je, ikiwa amepikwa?

---

Mkazi wa Manyatta

Akipikwa hana neno, ndugu yangu. Tena naomba nieleweke vizuri hapa: sipingi samaki wetu kuingia kwenye sushi. Napinga aingie mbichi. Uliza waziwazi, "huyu tilapia amekaangwa au ni mbichi?" Wakisema ametiwa ndimu tu, hapana. Ndimu na siki hubadilisha rangi ya nyama ikaonekana imeiva, lakini minyoo haifi.

Nyinyi wa Nakuru mna bahati moja ambayo sisi hatuna. Nairobi ni kilomita 160 hivi kutoka kwenu. Mpishi mwenye bidii anaweza kupokea samaki asubuhi na kumhudumia mteja mchana. Hapo kwenu swali la siku ya mzigo lina jibu zuri zaidi, basi liulizeni.

---

Nyar Dunga

Mwanangu, nimeusoma uzi wako na mwanzoni uliniuma, maana mimi ndiyo riziki yangu, nauza samaki ufukweni tangu mume wangu akiwa hai. Nilidhani unawaambia watu samaki wetu ni mbaya. Nimerudia kusoma nikaelewa. Hata sisi hatujawahi kumla mbichi. Tunamkaanga, tunamchemsha, tunamwanika akawa obambla. Wazee walijua walichokuwa wakifanya.

Lakini nikuongezee kitu. Hao wapishi wa mikahawa wanakuja kununua kwetu, nami nawaona. Anayejua kazi anakuja mapema, anafungua matamvua aone kama ni mekundu, anaangalia jicho kama bado limejaa na linang'aa, anabonyeza ubavu aone kama nyama inarudi. Anakuja na boksi lake na barafu yake. Asiyejua anakuja saa nane mchana, anauliza bei kwanza, anaondoka na mbuta kwenye mfuko wa karatasi juu ya boda. Ukitaka kuujua mkahawa, njoo ufukweni uone ni nani anayewanunulia na ananunua vipi.

---

Mkazi wa Manyatta

Mama, nashukuru sana. Hilo la boksi la barafu sikuwa nimelifikiria, na sasa nitalitumia.

Kwa kuwa umetaja obambla, naomba nikusimulie jambo ambalo lilinifurahisha nilipolijua. Sushi ya kale kabisa ya Japani haikutoka baharini. Kando ya Ziwa Biwa, ambalo ndilo kubwa kuliko yote nchini mwao, watu huchukua samaki wa ziwani, wakamtia chumvi miezi kadhaa, kisha wakampanga kwenye pipa pamoja na wali na kumwacha achachuke mwaka mzima au zaidi. Wanaiita funazushi. Ni watu wa ziwa kama sisi, nao pia walitafuta njia ya kumhifadhi samaki wao. Sisi tulitumia jua na moshi, wao wakatumia chumvi na wali. (Tafadhali mtu asijaribu kufanya hivyo nyumbani na ngege. Ni kazi ya watu waliorithishwa, na joto la Kisumu si la huko.)

---

Jiko la Pwani

Habari za hapa. Nilipika sushi hotelini pwani ya kusini kwa miaka sita kabla sijahamia Kakamega kwa sababu za kifamilia, nami naomba niseme mawili matatu kutoka upande wa pili wa kaunta.

Kwanza, samaki aliyegandishwa si aibu. Wateja wengi wakisikia "friza" wanakunja uso. Meli za Kijapani zinazovua jodari mbali huwagandisha humo humo kwenye meli kwa nyuzi 60 chini ya sifuri, na kwenye soko la Toyosu jijini Tokyo jodari hao hupangwa sakafuni wakiwa wagumu kama magogo na kunadiwa. Ugandishaji wa kweli ndio unaoua minyoo. Kanuni ya Marekani ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15 baada ya samaki kuganda kabisa. Jodari mkubwa na samoni wa kufugwa kwa chakula maalumu wamesamehewa sharti hilo kwa sababu minyoo kwao ni nadra. Friza ya nyumbani hukaa karibu na nyuzi 18 chini ya sifuri, hufunguliwa mara ishirini kwa siku, na stima ikipotea ndiyo imekwisha. Msiitegemee.

Pili, rangi inadanganya. Jodari mzuri ni mwekundu wa kuiva, na kadiri muda unavyopita anageuka kahawia. Wako wanaomtilia hewa ya kaboni monoksidi ili abaki na wekundu wa tikiti maji hata akiwa amezeeka. Ukiona wekundu unaong'aa mno, nusa. Samaki wa baharini aliye mzuri ananukia bahari, au hanukii kabisa. Anayenukia samaki, mrudishe.

Tatu, na hili nalisema kwa wapishi walioko Kisumu, Eldoret na hapa Kakamega: msione mko mbali na bahari mkadhani sushi haiwezekani. Ile sushi ya kufinyangwa kwa mkono, kipande cha samaki juu ya tonge la wali, ilishamiri mjini Edo, ambao leo ni Tokyo, miaka ya 1820. Jina linalotajwa zaidi ni la mpishi Hanaya Yohei. Iliuzwa vibandani, watu wakila wamesimama kwa mikono, kama vile mtu anavyokula mahindi ya kuchoma stendi. Na hawakuwa na friji! Jodari walimlowesha kwenye sosi ya soya, samaki wadogo waliwatia chumvi na siki, mkunga na kamba waliwapika. Yaani mbichi mtupu haikuwa ndiyo kazi yenyewe. Ufundi wote ulikuwa kumtunza samaki. Kwa hiyo mkahawa wa bara wenye menyu fupi, yenye kamba wa kuchemshwa, mayai ya kukunjwa, mkunga wa kuchoma, samaki wa tempura (wa kukaangwa kwa rojo la unga), na mbichi kwa siku mbili tu za wiki, unaifuata sushi hiyo kuliko ule wenye aina arobaini kila siku.

---

Mkazi wa Manyatta

Umelisema vizuri kuliko mimi. Menyu fupi! Nilikuwa nahisi tu kwamba menyu ndefu inanitia wasiwasi lakini sikuwa na maneno ya kueleza kwa nini. Aina arobaini maana yake samaki wengi wanaosubiri mteja ambaye huenda asije.

---

Simba wa Kondele

Naona mnatisha watu. Mimi nimekula tilapia mbichi mara tatu mahali pamoja na niko salama, sijaumwa hata tumbo.

---

Jiko la Pwani

Kaka, nafurahi uko salama. Lakini minyoo ya samaki si kama chakula kilichochacha, kwamba utaharisha usiku huo huo. Mingine hukaa mwilini miaka bila dalili. Nakuomba kwa heshima uende ukapimwe choo, ni kipimo rahisi. Na mara ya nne usiende.

---

Mama Kijacho Kakamega

Samahani kwa kuingilia. Mimi ni mjamzito wa miezi mitano na hamu ya sushi inanimaliza. Nifanyeje?

---

Jiko la Pwani

Hongera sana dada. Mbichi iache mpaka ujifungue, hata mahali pawe pazuri vipi, kwa sababu ya bakteria ambao wewe ungewashinda lakini mtoto asiweze. Jodari hata wa kupikwa usimzoee, ana zebaki. Agiza roli ya tango, ya parachichi, ya yai, au ya kamba aliyepikwa, na umwambie mpishi waziwazi hali yako ili atumie ubao na kisu safi. Mpishi wa kweli hatachukia.

---

Mkazi wa Manyatta

Na kwa parachichi sisi hatuna mpinzani, dada. Parachichi la Kisii lililoiva sawasawa, likikatwa jembamba juu ya wali mzuri, lina mafuta yale yale ambayo watu hulipia pesa nyingi kuyatafuta kwenye tumbo la jodari. Sitii chumvi. Nimewahi kula sahani nzima ya hiyo tu nikaondoka nimeridhika.

---

Section58

Na bei? Kitu gani ni halali kulipa?

---

Mkazi wa Manyatta

Mimi roli ya tango nimelipa kati ya shilingi 400 na 600, ya kamba wa tempura 900 hadi 1,200, na vipande vya jodari mbichi zaidi ya hapo. Kinachonitisha ni bei ya chini kwenye samaki mbichi. Kuna matangazo ya "nunua moja upate moja" siku ya Jumanne. Jiulize mzigo uliingia lini. Kama uliingia Ijumaa, basi Jumanne wanamsukuma nje samaki wa siku nne. Kwenye roli za mboga na za kupikwa, ofa hizo chukueni kwa amani.

---

Nyar Dunga

Mwanangu, sasa umetuambia tusiende wapi. Twende wapi basi?

---

Mkazi wa Manyatta

Haki yako mama, na nimekuwa nikizunguka kabla ya kujibu. Jana nimekwenda sehemu tatu na maswali haya haya, nikiwa na rafiki yangu.

Ya kwanza, hoteli kubwa karibu na ziwa. Nilipouliza siku ya mzigo, mhudumu alikwenda jikoni akarudi na mpishi mwenyewe, kijana mpole sana, akaniambia: Alhamisi. Akaongeza bila kuulizwa, "Leo sikushauri uchukue mbichi." Nilitamani kumkumbatia. Tulikula kamba wa tempura na yai, wali ulikuwa wa uvuguvugu, ingawa siki ilizidi kidogo.

Ya pili, ndani ya jumba la maduka. Waliniambia samaki huingia kila siku. Tulikunywa maji tukaondoka.

Ya tatu ni dada anayepikia nyumbani kwake Milimani, kwa oda tu, Ijumaa na Jumamosi, na akifikisha oda kumi na mbili anafunga. Ameniomba nisimtangaze hadharani kwa sababu hataweza kuwahudumia wote, kwa hiyo anayemtaka anitumie ujumbe wa faragha. Wali anaupika saa moja kabla ya kukabidhi na hauuweki kwenye friji abadani. Jodari humpokea uwanja wa ndege mwenyewe, anamfungua boksi hapo hapo kwenye maegesho, na kama barafu imeyeyuka anamrudisha na kuwapigia wateja simu kwamba wiki hiyo ni roli za kupikwa tu. Amefanya hivyo mara mbili tangu nimfahamu. Na ana roli moja ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha Wajapani: mbuta aliyekaangwa akawa mkavu kwa nje, parachichi la Kisii, na tangawizi ya siki anayoitengeneza mwenyewe. Mbuta huyo, mama, anamnunua Dunga.

---

Nyar Dunga

Ana boksi la buluu lenye mkanda mweupe? Anakuja kabla ya saa moja asubuhi?

---

Mkazi wa Manyatta

Ndiye huyo.

---

Nyar Dunga

Namjua. Nitamwekea wazuri Ijumaa. Nawe uniletee kipande nionje.